Simu ni moja, watoto ni watatu

Kila nikisoma mambo ya watoto na simu nakuta ushauri ule ule, ati weka muda kwa tableti ya mtoto, ati mfungulie akaunti yake mwenyewe, ati chumba cha kulala cha mtoto kisiwe na skrini, na mimi nabaki najiuliza hawa watu wanaishi wapi bana. Hapa kwetu Tororo, mashariki mwa Uganda, nyumba nyingi ninazoingia smartphone ni moja, na hiyo moja ni ya mama ama ya baba, ndo hiyo hiyo ya biashara, ya grupu ya kanisa, ya grupu ya wazazi wa P3, yaani primary ya tatu, ya kumpigia jaja, bibi yao, Busia, halafu ikifika jioni ndo ya katuni. Na chumba cha mtoto ni kipi? Wangu watatu wanalala chumba kimoja na magunia ya mchele ya shangazi yao.

Kwa hiyo leo nataka niongee juu ya simu ya nyumba, maana hiyo ndo tuko nayo na hakuna mtu anatuandikia juu yake. Na msimamo wangu nausema mapema usije ukashangaa huko mbele: mimi naona simu moja ya kushirikiana ni afadhali kuliko kila mtoto na yake, hata siku pesa ikipatikana. Lakini iko na shida zake, na shida zenyewe si zile tunazotishiwa nazo kila siku.

Mimi ni wakala wa mobile money, kibanda changu kiko karibu na soko. Simu za kazi ni za tochi, vile vidogo vya kubonyeza visivyo na intaneti, hizo hakuna mtoto anazitamani. Baba watoto ni dereva wa trela, anabeba mzigo kutoka Mombasa anapita Malaba mpaka Juba, kwa hiyo nusu ya malezi ya nyumba hii yanapitia WhatsApp, mpende msipende. Mkubwa yuko P7, wa katikati P3, kitinda mimba ana miaka mitatu. Na shemeji yangu anakaa na sisi, huyo tutamfikia.

Shida namba moja ya simu ya kushirikiana ni WhatsApp ya mtu mzima. Watu wanaogopa YouTube, wanaogopa gemu, na WhatsApp yao wenyewe iko wazi. Hebu hesabu uko kwa grupu ngapi, na humo ndani kuna watu wa aina gani. Ajali ikitokea barabara ya Mbale kabla hata polisi hawajafika picha zimeshaingia, damu, watu wamelala vile, na mtu anaandika "RIP" na vidole vya maombi kama vile hiyo ndo imesafisha kitu. Kuna yule wa grupu ya soko ambaye usiku anatuma vidio za aibu halafu asubuhi anasema simu ilishikwa na mtu mwingine. Sasa vitu hivyo vingi WhatsApp ikiachwa ilivyo inavishusha yenyewe na kuvipanga kwa galari, kwa hiyo mtoto wa P3 anayetafuta picha za besdei yake anapita kwanza kwa maiti. Hakuna mtu mbaya amemfuata onlaini hapo, ni marafiki zako wewe.

Dawa yake ni ya dakika chache na watu wengi hawaijui. Ingia setingi za WhatsApp, upande wa chats, kuna sehemu inauliza kama picha zinazoingia zionekane kwa galari ya simu, zima. Halafu upande wa stoo na data, zima ile ya kushusha picha na vidio zenyewe, iwe unabonyeza unachotaka peke yake. Na bando yako itakaa, hiyo ni faida ya juu. Kisha zile chati za mambo mazito, za madeni, za ugomvi wa ukoo juu ya shamba, zifunge, siku hizi WhatsApp inakubali kufunga chati moja moja. Mtoto wa P3 anajua kusoma jamani, watu wanasahau. Tunalipa shule ajue kusoma halafu tunashangaa amesoma.

Shida ya pili ni pesa, na hapa acha niongee kama wakala. Nyie wazazi hamjui tunaona nini kwa vibanda. Mtoto wa miaka kumi anakuja na simu ya mama yake, "anti, mama amesema nitoe elfu ishirini", na PIN anaijua kichwani, anaibonyeza haraka kuniliko. Mimi huwa nampigia mama mwenyewe kwanza, na wengine wananikasirikia, ati nawachelewesha. Lakini fikiria, mtoto huyo huyo jioni anabaki na hiyo simu peke yake kwa kochi, anajua *165#, ile namba ya menyu ya pesa ya MTN, anajua PIN, na anajua kuna mtu kwa gemu anauza almasi. Sisemi watoto wetu ni wezi, nasema tumewapa funguo za sanduku tukawaambia wachezee karibu na sanduku.

Nyumbani kwangu laini ya MoMo, yaani ya mobile money, haikai kwa smartphone kabisa. Iko kwa katochi kangu, kwa sababu ile menyu ya *165# ama *185# kwa watu wa Airtel haihitaji smartphone wala intaneti. Smartphone iko na laini ya data tu. Mtu akicheza nayo, akiidondosha, akiibiwa nayo stendi, pesa haiko humo. Sijui kwa nini watu hawafanyi hivi, wanatembea na benki yao yote ndani ya kitu ambacho mtoto wa miaka mitatu anakivuta kwenye chai. Na kumbuka laini yenyewe imesajiliwa kwa ndaga muntu yako, kile kitambulisho cha taifa, kwa hiyo chochote mtoto atakachotuma au kukopa au kutukana kwa hiyo namba, jina ni lako.

Haya, tuje kwa katuni.

Unajua kwa muda mrefu sisi mzazi mwenzetu alikuwa bando. Data ilikuwa ghali na bado ni ghali, mnakumbuka 2018 tulivyoanza kulipa kodi ya shilingi mia mbili kila siku ndo uingie WhatsApp na Facebook, halafu Julai 2021 wakaiondoa hiyo wakaweka kodi ya asilimia 12 kwa data yenyewe. Tulilalamika wote, na mimi nililalamika, lakini kwa upande wa watoto kulikuwa na kitu kizuri humo: katuni ilikuwa inaisha yenyewe. Hakuna kelele. "Bando imeisha" na mtoto anaelewa, anaenda nje. Hakukasirikii wewe, anakasirikia kampuni ya simu. Sasa jirani ameweka waifai na kijana wangu wa P7 paswadi aliipata kabla yangu, na hapo ndo nikaona kazi ya kusema "basi" imerudi kwangu mwenyewe, na ni kazi ngumu, usidanganywe na mtu.

Kinachosaidia ni kukata ile tabia ya vidio moja kuita nyingine. YouTube ina kidude cha kucheza vidio inayofuata yenyewe, kizime. Mtoto akiona vidio imeisha na skrini imenyamaza anajua imeisha, lakini ikianza nyingine kabla hajapumua hata mtu mzima haachi, sembuse huyo. Na zile zinazojiita zenyewe ndo za hatari, maana wewe ulichagua ya kwanza, ya nane imechaguliwa na mashine. Kuna watu walikuwa wanatengeneza katuni zenye sura za watoto lakini ndani ni vurugu na mambo machafu, mpaka 2017 YouTube ikalazimika kufuta chaneli nyingi za namna hiyo. Kwa hiyo ukiona sura ya katuni usiseme tu "ni ya watoto" ukaenda kupika.

Kwa yule mdogo mimi napenda flash. Naenda kwa vijana wanaoloadi muvi pale mjini, nawaambia katuni hizi na hizi, nalipa, nachomeka kwa tivi. Tivi iko sebuleni, kila mtu anaiona, haina grupu za WhatsApp, na Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikikata hakuna wa kumlilia. Lakini angalia: hao vijana wanapenda kuongeza. Unaomba katuni, wanakujazia na muvi zao zilizotafsiriwa na VJ, wale wanaosimulia muvi kwa Kiganda, za mapanga na risasi na mengine siwezi kuandika hapa, ati ni ofa. Pitia flash yote kwa kompyuta ya mtu kabla haijafika nyumbani. Na mimi siwachukii maVJ, wallahi wale watu wanajua kuchekesha, kibanda chote kinalia machozi, ila VJ anamtafsiria mtu mzima na anaongeza chumvi yake, na mtoto wa P3 anarudi anaongea Kiganda cha matusi ambacho hata mimi nauliza maana.

Sasa huyu wa miaka mitatu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019, wanasema mtoto chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wengi tukisikia hivyo tunacheka, maana saa moja ndo ile ya kupika ugali na dagaa tu. Lakini sababu yake ukiielewa hucheki sana. Mtoto mdogo anajifunza maneno kwa kujibiwa. Anasema "maa", wewe unasema "ehee maji, unataka maji?", anarudia, unacheka, ndo lugha inaingia hivyo. Skrini inaongea vizuri kukuliko lakini haimjibu. Unapata mtoto anajua rangi zote kwa Kiingereza cha Marekani na hajui kuomba uji. Wangu jaja yake alikuja kutoka Busia akampa mkono, "mulembe", mtoto akamtazama akasema "haay gaizi", akapunga mkono kama wale wa YouTube. Jaja akaniuliza huyu anasema nini. Tulicheka lakini mama mkwe wangu hakucheka sana.

Kitu kimoja ambacho hata madaktari wa watoto wa Marekani wanakitoa kwenye makatazo ni vidiokoo, na hiyo nawaunga mkono mia kwa mia. Baba yao akiwa Elegu, mpakani na Sudan Kusini, kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nimule anaweza kukaa huko siku kadhaa, anapiga, mdogo anamuonyesha kidonda, anamuonyesha kuku, anamuuliza umekula nini, na yeye anajibu. Hapo kuna mtu upande wa pili. Hiyo siihesabu kwenye saa moja.

Shemeji sasa. Anko mzuri, anawafundisha hesabu, lakini jioni anaomba simu "naangalia skoo" na hiyo skoo inakuja na matangazo ya beting pembeni, odds, namba zinaruka, kale kandege ka gemu ya kamari kanapaa. Wa P3 siku moja ananiambia, mama Arsenal wana odds ndogo leo. Banange! Sheria ya Uganda tangu 2016 inasema chini ya miaka 25 hakuna kucheza kamari, ishirini na tano, si kumi na nane, na shemeji mwenyewe hajafika hapo. Nimemwambia kwa heshima, kwa simu ya nyumba app ya beting haikai, na akitaka kuweka mkeka aende na simu ya rafiki yake huko huko. Alinuna kidogo. Lakini nani atamweleza mtoto kwamba hiki kitu anko anafanya kila jioni kwa furaha ni kibaya? Hakuna maneno yanashinda hiyo furaha, kwa hiyo bora kisionekane.

Ndo maana narudia, simu moja ikiwekewa utaratibu ni nzuri. Simu ya nyumba ni kama choo cha nyumba za kupanga, wote tunakitumia, wote tunakihitaji, lakini hakuna anayejifungia humo nusu saa watu wamepanga laini. Kwetu smartphone inatumika sebuleni, sauti juu, hakuna earphone, na jina la anayeishika linajulikana. Usiku inachajiwa chumbani kwangu. Mimi pia nikiichukua mbele yao nasema kwa sauti naifanyia nini, "namjibu mwalimu", "naangalia bei ya mafuta ya Malaba", "sasa nasoma umbea dakika tano". Inaonekana kitu kidogo lakini watoto wakituona tumeinamia skrini bila neno wao wanaona tu mtu mzima anacheza, hawajui kuna kazi na kuna mchezo ndani ya kitu kimoja. Na ukishasema "umbea dakika tano" watakuhesabia hizo dakika, usijali.

Mdogo akipewa namfungia app moja. Simu nyingi za Android zina hiyo setingi, iko upande wa sekyuriti, unabandika app moja na haitoki mpaka uweke PIN. Anaangalia picha za familia, anabonyeza weee, hafiki popote. Za kufuatilia mtoto kama Family Link ya Google ni nzuri pia, unaweka muda, unakubali app moja moja, inalala saa unayotaka, lakini imetengenezwa kwa mtoto mwenye simu yake na akaunti yake. Kwa simu ya kushirikiana inakusumbua wewe mwenyewe.

Na kabla mtu hajasema huyu mama anachukia teknolojia, hapana. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa madarasa mengine huku mengine bado yamefungwa, Juni 2021 zikafungwa tena, na watoto wote wakarudi Januari 2022. Karibu miaka miwili. Mkubwa wangu alikuwa P2. Serikali ilitoa masomo ya kuchapisha na ya redio na tivi, watoto wa shule za pesa walikuwa kwa Zoom, na sisi wa katikati tulikuwa na mwalimu mmoja mwenye moyo aliyekuwa anatuma hesabu kwa WhatsApp, anapiga picha ya ubao aliouchora ukutani kwake. Kijana alijifunza kutoa na kuzidisha kwa hiyo simu. Watoto wa plot ya nyuma waliokuwa hawana hata katochi wengine hawakurudi shule kabisa, mabinti wengine wakawa mama. Mimi siwezi kuitukana simu baada ya hapo.

Sasa huyo huyo kijana anamaliza P7, na P7 mnajua, PLE, mtihani wa kumaliza primary, ikiisha mwezi wa kumi na moja mtoto anakaa nyumbani mpaka Februari akisubiri S1, mwaka wa kwanza wa sekondari. Ni miezi mirefu. Anataka simu yake. Ati wenzake wote wanazo, ati anataka kucheza Free Fire na timu yake. Na baba yake amelainika, anasema atachukua moja Mombasa, huko ziko bei poa.

Mimi nimekataa na sababu zangu si za kizamani. Shule za boding nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo atazoea miezi mitatu halafu Februari tumnyang'anye, au aifiche kwa godoro, na huko ndo vita vya mzazi na shule vinaanza. La pili, Free Fire kwenyewe sina shida sana, ila ndani kuna kuongea na watu usiowajua, na mtu wa miaka arobaini akijiita mtoto wa P7 sauti ya mtandao haikuambii. Nimemkalisha nikamwambia wazi wazi, si kwa mafumbo: mtu akikuomba picha ya mwili wako, akikwambia hii ni siri yetu, akikutishia, hujakosa wewe, niletee simu hivyo hivyo, usifute kitu. Usifute ndo neno kubwa, maana watoto wakiogopa wanafuta, na ukienda polisi kwa dawati la watoto na familia huna cha kuwaonyesha. Na kama anaogopa kuniambia mimi, kuna 116, laini ya Sauti ya kusaidia watoto, ni bure, hata kwa katochi inapiga. Nimemfanya aikariri kama alivyokariri teboo za hesabu. Alinikodolea macho, "mama, na hiyo nani anaeza kuniuliza picha?" Nikamwambia ndo vizuri hujui bado.

Kwa hiyo ofa yangu iko mezani, na baba watoto akivuka Malaba safari hii tutaikalia wote watatu: katochi ka kwake mwenyewe chenye laini, akienda kwa jaja ama kwa mpira anipigie; smartphone ya nyumba Jumamosi mchana kwa gemu na timu yake, sebuleni, bila earphone, ile ya kuongea na wageni imezimwa; na akitaka kitu cha kujifunza, kuhariri vidio ama kutaipu, kuna intaneti kafe mjini nitalipia. Simu yake mwenyewe tuongee akimaliza S4. Najua baba yake atasema S4 ni mbali sana na mtoto wa dereva mwenzake tayari anayo. Naweza kushuka mpaka S3, lakini hilo usimwambie.